Anza na mlango wa ofisi: kupiga filamu ya haki kwenye ukanda wa dhahabu

Kabla hujawasha kamera Kakola, Rwamgasa au Nyarugusu, andika kwenye karatasi ofisi moja unayotaka ifanye jambo moja. Usiandike "jamii" wala "serikali". Andika: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipokee shauri la mjane huyu. Au: afisa kazi afike kwenye mwalo ule wa kuchenjulia dhahabu ambako watoto wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Ukikosa cha kuandika, kamera ibaki kwenye begi. Utakachorudi nacho kitakuwa masikitiko ya watu, na masikitiko ya Shinyanga na Geita yamekwisha kupigwa picha nyingi mno.

Ofisi ikijulikana, filamu inaanza kujipanga yenyewe. Chukua ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Mjane asiyejua hilo anaweza kukaa miezi akisubiri uamuzi ambao kata haina mamlaka ya kuutoa. Filamu ya dakika 15 inayomfuata mama mmoja kutoka kata hadi wilayani, ikionyesha aliulizwa karatasi gani na nani alimsaidia kuiandika, inafundisha kuliko saa nzima ya wanasheria walioketi mbele ya kabati la vitabu. Mpige anapotafuta nauli. Mpige anapoambiwa arudi wiki ijayo. Hapo ndipo shauri hufa, na hapo ndipo mtazamaji atakapojitambua.

Vibali usiviruke. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inadai kibali cha Bodi ya Filamu. Baada ya hapo zinafuata barua za halmashauri na mtendaji wa kijiji, na ruhusa ya mwenye leseni ukitaka kukaribia duara, yaani shimo la kuchimbia. Si urasimu mtupu: ukikosa kibali, anayeulizwa baada ya wewe kuondoka ni mwenyeji wako.

Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kosa kubwa la filamu za haki hutendwa kwa yule yule anayetetewa. Mwaka 2006, miaka miwili baada ya Hubert Sauper kutoa "Darwin's Nightmare" kuhusu minofu ya sangara wa Mwanza, Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na mwandishi wa habari wa Mwanza aliyeonekana ndani yake akakamatwa, hata uraia wake ukatiliwa shaka. Mwongozaji alikuwa Ulaya. Iwe unaikubali filamu ile au unaikataa, jiulize swali lake: siku mambo yakichacha, nani atakuwa bado anaishi hapa?

Kwa hiyo ridhaa isiwe sahihi ya mara moja. Mweleze mayu (mama) wa filamu yako, kwa Kisukuma kama ndiyo lugha yake, kwamba picha ikishaingia kwenye simu za watu hairudi. Mtajie watakaoweza kuiona: shemeji zake, sungusungu, mwenye duara, mtendaji. Mwache alale na jambo hilo. Rudi kesho umuulize tena, na umwonyeshe filamu kabla ya mtu mwingine yeyote, akiwa na haki ya kusema kipande hiki kitoke. Kama ni kikongwe anayetuhumiwa uchawi kwa sababu macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, au mzazi wa mtoto mwenye ualbino, usionyeshe mlima, njia wala mti ambao mtu wa jirani atautambua.

Kwa watoto usiwe na mjadala. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za hatari, uchimbaji ukiwemo, kwa aliye chini ya miaka 18. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2013 ilieleza watoto wa miaka 8 kwenye machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Kuthibitisha jambo hilo hakuhitaji uso. Piga mikono inayokanda zebaki kwenye karai, kimo cha mtoto ukilinganisha na kinu, moshi wa kuchomea dhahabu karibu na chungu cha ugali. Uso wa mtoto huongeza machozi ya mtazamaji, hauongezi ushahidi.

Ushahidi una masharti yake. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinataka mahakama ipime jinsi rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa. Maana yake kwako: usikate wala kupaka rangi rekodi ya awali, fanya nakala mbili siku hiyo hiyo, zikae nyumba tofauti, andika daftarini nani alipiga, kwa kifaa gani, saa ngapi, mahali gani, na kadi ikapita mikononi mwa nani. Machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu yanatufunza hili kwa uchungu. Baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa mwaka 1996, ilidaiwa kwamba zaidi ya 50 walifukiwa mashimoni. Kukawa na mkanda wa video uliotolewa kama ushahidi, na Novemba 2001 polisi wakapekua ofisi za wanasheria wa mazingira wa LEAT jijini Dar es Salaam. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia ikasema madai hayo hayakuwa na msingi. Waliotoa madai hawakukubali. Picha peke yake haikumaliza ubishi.

Wala ripoti ya habari haitoi hukumu. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alihatarisha maisha yake kuwafichua waganga waliohusika na biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama ikawahukumu kifo wanaume 3 kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe. Kazi ya kwanza iliwaamsha watu. Ya pili ilihitaji mashahidi na vielelezo. Amua mapema unafanya ipi, na ukiona damu au silaha, mpigie wakili kabla ya mhariri.

Sauti: karasha, mashine ya kusagia mawe, likinguruma hutapata neno. Hoji alfajiri, kabla mashine hazijawashwa. Tafsiri ya Kisukuma isomwe kwa sauti, usitegemee maandishi chini ya picha. Aliyekaa nyuma kwenye banda la video hayaoni, na wengine hawasomi.

Sasa banda lenyewe. Banda la video la machimboni ndilo ukumbi wako, lakini usiku ni mahali pa wanaume. Waandalie wanawake onyesho la mchana, shuleni au chini ya mwembe. Mlangoni pawe na meza, na mezani msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, akiwa na fomu na kalamu. Simamisha filamu pale mama anapoambiwa arudi wiki ijayo, uulize waliokaa: wewe ungekwenda wapi? Kimya kitakachofuata usikijaze haraka. Siku hiyo usihesabu vichwa. Hesabu waliokwenda mezani, na baada ya miezi 3 umuulize msaidizi ni mashauri mangapi yamefika wilayani.

Safari hiyo hiyo, pita kwa mayu. Muulize kama kuna aliyemtisha, na kama bado anataka filamu ionyeshwe. Akisema hapana, itoe mabandani na mitandaoni jioni hiyo.