MBEGU ILIYOFUNIKWA NA MBEGU ILIYO WAZI

Mtu apitaye Laare, katika vilima vya Nyambene, huona mashamba ya miraa na maharagwe, na mipakani miti ya mbao kama mukima na saiprasi. Mimea hii yote huzaa mbegu, lakini si yote ichanuayo maua. Yafaa tuijue tofauti hiyo, maana yamhusu kila apandaye mti na kila aukataye.

Kundi la kwanza ni mimea yenye maua. Tazama harage. Ua likiisha kupata ule unga wa uzazi uitwao chavua, hunyauka, na kifuko kilichomo ndani yake hukua kikawa ganda. Lipasue, nawe utaona mbegu zimepangwa ndani. Hiyo ndiyo alama ya kundi hili: mbegu hukua ndani ya tunda. Mukima, uliotoka Australia, ni wa kundi hili pia, na maua yake ya rangi ya machungwa hupendwa na nyuki. Hata miraa ina maua madogo meupe, ila ni wachache wayaonayo, kwa kuwa machipukizi huchumwa mara kwa mara.

Kundi la pili halina maua wala tunda. Saiprasi, iliyotoka Meksiko na Amerika ya Kati, huzaa koni ndogo za mviringo zenye magamba magumu. Mbegu hukaa juu ya magamba hayo. Koni ikikauka, magamba huachana nazo huanguka. Chavua yake huchukuliwa na upepo, si nyuki. Mtarakwa wa misitu ya Mlima Kenya ni wa kundi hili pia. Vile vidonge vyake vya buluu visikudanganye: si matunda, bali ni koni ambazo magamba yake yameungana na kulainika.

Je, elimu hii ina faida gani? Kisiki cha miraa huchipua tena, lakini kisiki cha saiprasi au cha mtarakwa hakichipui; tumaini lake ni mbegu tu. Tena mitarakwa kwa kawaida ina miti dume na miti jike. Dume hutoa chavua, jike huzaa mbegu. Abakizaye mti mmoja peke yake, mbali na wenzake, asitazamie miche chini yake.

Basi, kabla hujainua shoka, utazame kwanza mti wako: je, mbegu yake imefunikwa, au i wazi?