Baka Lisilo na Hisia: Jinsi Ukoma Unavyotambuliwa

Ukoma husababishwa na bakteria wanaoshambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Si laana, wala haurithiwi. Daktari wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, aliwagundua bakteria hao mwaka 1873. Ndiyo maana Marekani ugonjwa huu huitwa ugonjwa wa Hansen. Bado upo Tanzania, Msumbiji, Komoro na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa nini huchelewa kutambuliwa

Dalili huweza kujitokeza baada ya miaka 5, na pengine 20 au zaidi, tangu bakteria waingie mwilini. Kwa hiyo aliyehama akiwa mzima huenda akaugua akiwa ugenini. Huko, madaktari wengi hawajapata kumwona mgonjwa wa ukoma, na baka lake huweza kudhaniwa kuwa choa au ukurutu. Mgonjwa hupaka dawa kwa miezi mingi, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Mshipa ukishaharibika kabisa, ganzi haiondoki tena.

Dalili za kuangaliwa

• Baka lililopauka au jekundu, lisilowasha, lenye ganzi.
• Ganzi au udhaifu wa mikono, miguu au kope za macho.
• Jeraha au kuungua kusikouma.
• Uvimbe mdogo mdogo usoni au kwenye ndewe za masikio, nyusi kunyonyoka.

Namna ya uchunguzi

Daktari hugusa baka kwa ncha ya pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho, ili kujua kama anahisi. Kisha hupapasa mishipa ya fahamu kwenye viwiko, shingo na magoti kuona kama imenenepa. Aidha, huweza kuchukua majimaji ya ngozi kutoka ndewe ya sikio, au kipande kidogo cha ngozi, ili vipimwe maabara. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Vilevile, majibu ya maabara yasiyoonyesha bakteria hayaondoi ugonjwa, ikiwa baka lina ganzi.

Mambo ya kumweleza daktari

Mgonjwa ataje nchi zote alizowahi kuishi, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Muda ambao baka limekuwapo. Kwamba halina hisia. Na kama yupo jamaa aliyewahi kuugua ukoma. Ana haki ya kuomba mkalimani, ili mtoto wa nyumbani asibebeshwe kazi hiyo.

Ukoma hupona

Tiba ni mchanganyiko wa dawa za kuua bakteria. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miezi 6 au 12, na baadhi ya nchi huongeza muda. Mara mgonjwa anapoanza dawa, uwezo wa kuambukiza hukoma upesi. Kupeana mikono au kula sahani moja hakuambukizi, na watu wengi wana kinga ya asili. Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa. Bali wote wanaoishi naye wachunguzwe ngozi.