Mafunzo Niliyopata Nikifanya Kazi na Sumu ya MPTP

Katika maabara yetu tunachunguza ugonjwa wa Parkinson. Kemikali ninayoiheshimu kuliko zote humo ni MPTP, sumu inayoua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini. Haya ndiyo iliyonifundisha.

1. Jua historia ya unachokishika. Mwaka 1982, huko California, vijana kadhaa walijidunga unga wa magendo uliouzwa kama heroini, kumbe ulikuwa na MPTP. Daktari J. William Langston na wenzake waliwakuta wamekakamaa, hawasogei wala hawasemi, ilhali akili zao ni timamu. Taarifa waliyoitoa katika jarida la Science mwaka 1983 ndiyo iliyozaa utafiti wetu.

2. Soma taarifa za zamani. Mwaka 1976, mwanafunzi wa kemia huko Maryland alijitengenezea dawa ya kulevya, akapatwa na hali hiyohiyo. Kisa chake kilichapishwa 1979, nacho kiliwasaidia wachunguzi wa California kuitambua sumu. Mgonjwa mmoja aliyeandikwa vizuri anaweza kuwafaa wengi.

3. Fuata njia ya sumu. MPTP yenyewe haiui. Ikishaingia ubongoni, kimeng'enya cha MAO-B huanza kuigeuza, na mwishowe inakuwa MPP+. Seli za dopamini huipokea kwa mlango uleule zinaoutumia kurudisha dopamini. Ikifika ndani, huzima mitokondria na seli hukosa nguvu. Ukikizuia kimeng'enya hicho mapema, seli hunusurika. Anayeijua njia hujua pa kuweka kinga.

4. Usalama hauna cheo. Tunavaa glavu mbili, tunapimia ndani ya kabati linalofyonza hewa, na hakuna anayebaki na sumu peke yake. Panya waliodungwa huitoa kwa mkojo, hivyo hata matandiko ya vizimba ni hatari. Kwa hiyo anayesafisha vizimba ana haki ya kuelezwa yote anayoyajua profesa, tena kabla hajashika ufagio.

5. Panya si mtu. Panya wa jamii kubwa huihimili sumu hii. Panya wa jamii ndogo, wa ukoo wa C57BL/6, huathirika. Kima hukakamaa karibu kama binadamu. Tena MPTP huua seli kwa siku chache, ilhali Parkinson huzimaliza kwa miaka mingi. Mtu mwenye mzazi mgonjwa akiniuliza kama tumepata tiba, humwambia ukweli: zipo dawa za kupunguza dalili, kama levodopa, lakini bado hatuna iliyothibitishwa kuzuia seli zisife.

6. Kazi safi ni wajibu. Mwaka 1990, Mahlon DeLong na wenzake walionyesha kwa kima waliopewa MPTP kwamba kuharibu kiini kidogo cha ubongo kiitwacho kiini cha subthalamasi kunalegeza mkakamao. Leo wagonjwa wengi hupandikizwa nyaya za umeme katika kiini hicho, wakaweza tena kushika kikombe bila kutetemeka. Faida hiyo imetokana na mateso ya watu na wanyama. Anayepika matokeo, au anayerudia jaribio lisilo na swali, anayapoteza bure mateso hayo.