Mkaguzi wa Hataza: Akionacho na Asichokiona

Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili aweze kuwazuia wengine wasiutengeneze, wasiutumie wala wasiuuze uvumbuzi wake bila idhini yake. Kwa kawaida haki hiyo hudumu miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha ombi, nayo haina nguvu nje ya nchi ambazo imetolewa kwa ajili yake. Mvumbuzi naye ana deni la kulipa: hana budi kuueleza uvumbuzi wake waziwazi, kiasi cha kumwezesha mtaalamu mwingine wa fani hiyo kuufanya. Kati ya ombi na haki amesimama mkaguzi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mkaguzi huyo afanyavyo kazi yake, na kwa nini kazi hiyo inawahusu hata watu ambao hawatapeleka ombi lolote maishani mwao.

1. Ombi na safari yake

Ombi la hataza huwa na maelezo, michoro inapohitajika, muhtasari, na madai. Maelezo hufundisha, madai huweka mipaka, kama mawe yawekwavyo pembeni mwa shamba. Kitu kisichomo katika madai hakilindwi, hata kama kimeelezwa kwa kirefu mahali pengine.

Ombi likifika, ofisi huhakikisha kwanza kwamba karatasi zimetimia na ada imelipwa, kisha hulipa tarehe. Tarehe hiyo ni jambo kubwa, kwa sababu upya wa uvumbuzi hupimwa kwayo. Baadaye ombi hupangwa katika Uainishaji wa Kimataifa wa Hataza, uliotokana na Mapatano ya Strasbourg ya mwaka 1971. Uainishaji huo una sehemu 8, kuanzia A hadi H, nazo hugawanyika katika vijisehemu vingi mno. Kwa njia hiyo mkaguzi hujua ni katika rundo gani la hati atafute yanayofanana na ombi lililo mbele yake. Katika ofisi nyingi ombi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza, ili umma nao ulisome.

2. Vipimo vitatu

Baada ya upekuzi mkaguzi huuliza maswali matatu. Je, uvumbuzi ni mpya? Je, una hatua ya kivumbuzi? Je, wafaa kutumika katika viwanda, vikiwamo kilimo na ufundi?

Tuseme fundi anadai jiko la mkaa lenye ganda la bati, bakuli la udongo uliochomwa ndani yake, na kizibo cha kupunguza hewa. Mkaguzi akipata hati moja ya zamani inayoonyesha sifa zote tatu kwa pamoja, dai limekosa upya. Akipata hati moja yenye ganda na bakuli, na nyingine yenye kizibo, upya upo, lakini huzuka swali gumu zaidi. Je, fundi wa kawaida wa majiko, mwenye hati hizo mbili na tatizo la mkaa kuisha upesi, asingaliziunganisha mwenyewe? Iwapo angaliziunganisha bila taabu, hatua ya kivumbuzi haipo.

Mkaguzi huandika hoja zake, na mwombaji hujibu. Mara nyingi mwombaji huyapunguza madai yake ili kuukwepa ujuzi uliokwisha kuwapo. Hata hivyo haruhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwamo katika ombi la awali. Barua huenda na kurudi hadi hataza itolewe au ombi likataliwe.

3. Manjano na mwarobaini

Hapa ndipo penye mashaka. Upya hupimwa kwa kulinganishwa na yale yanayojulikana. Lakini yanayojulikana kwa nani, na yamehifadhiwa wapi?

Mwaka 1995 ofisi ya hataza ya Marekani ilitoa hataza nambari 5,401,504 juu ya matumizi ya manjano katika kuponya vidonda. Mmiliki wake alikuwa Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi. Nchini India dawa hiyo ni ya tangu na tangu. Lakini sheria ya Marekani ya wakati ule haikuyahesabu matumizi ya nchi za nje ambayo hayakuandikwa. Ilihesabu machapisho na hataza tu. Mwaka 1996 Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India liliomba hataza hiyo ichunguzwe upya. Liliwasilisha marejeo 32, yakiwamo maandiko ya kale ya Kisanskriti na makala ya jarida la madaktari wa India ya mwaka 1953. Mwaka 1997 madai yakakataliwa. Ni karatasi zilizoshinda. Ujuzi wa mabibi peke yake usingalitosha. Marekani ilikuja kuuondoa mpaka huo wa nchi katika sheria yake mwaka 2013.

Katika Ulaya sheria ni pana zaidi. Mkataba wa Hataza wa Ulaya huhesabu kila kilichowekwa wazi kwa umma popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa matumizi. Hata hivyo mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao yake makuu München, ilitoa hataza juu ya njia ya kuzuia kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wamiliki walikuwa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Yafaa msomaji aelewe kwamba mti wenyewe haukuwa na hataza. Kilicholindwa ni njia maalumu ya kuutumia. Pingamizi liliwekwa, na miongoni mwa ushahidi uliotolewa ulikuwa wa meneja wa kiwanda wa India, aliyekuwa ametumia mafuta ya namna hiyo kabla ya tarehe ya ombi. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufani ikatupwa mwaka 2005. Sheria ilikuwa pana, lakini mkaguzi mezani pake hakuweza kuona yaliyofanyika mashambani. Ilibidi watu wasafiri kwenda kumweleza.

4. Funzo kwetu

Kenya, Uganda na Tanzania ni miongoni mwa nchi za Itifaki ya Harare ya mwaka 1982. Kwa itifaki hiyo, shirika la hataza la kanda lililoko Harare huchunguza ombi moja kwa niaba ya nchi kadhaa, na kila nchi iliyotajwa hupewa miezi 6 ya kukataa kabla hataza haijatolewa. Muda huo una maana kwa nchi iliyoweka kumbukumbu zake tayari. Isiyo nazo itakataa kwa hoja gani?

India ilijifunza. Mwaka 2001 ilianza kuikusanya tiba yake ya jadi katika maktaba maalumu kwa lugha 5 za kimataifa, na mwaka 2009 wakaguzi wa Ulaya wakafunguliwa mlango wa kuipekua.

Lakini kuandika nako kuna gharama. Kilichochapishwa hakiwi kipya tena, hata kwa yule aliyekichapisha. Marekani humpa mvumbuzi nafasi ya mwaka 1 tangu alipokitangaza mwenyewe. Ulaya haimpi, ila katika hali chache mahsusi. Kwa hiyo mtafiti anayetaka hataza na apeleke ombi kwanza, kisha ndipo asome makala yake mkutanoni. Na mtafiti anayeandika ujuzi wa mganga au mkulima na aipate kwanza ridhaa ya wenyewe, baada ya kuwaeleza kwamba kuandika huwazuia wengine wasiudai, na huwazuia wao pia.

Uamuzi huo ukishafanyika kwa hiari, maandishi yawe kamili: jina la mmea, sehemu itumikayo, namna ya kuitayarisha, ugonjwa unaotibiwa, mahali na tarehe. Kisha yawekwe mahali panapopekuliwa. Daftari lililofungiwa kabatini halimsaidii mkaguzi, wala halimzuii mdai.