Kukanda Mwili na Utulivu wa Akili



Watu wengi hudhani ya kuwa kukanda mwili ni dawa ya mgongo na shingo tu, au ni anasa ya wenye fedha. Katika somo hili nataka kueleza jinsi mkono wa mtu uwezavyo kupunguza hofu na wasiwasi wa mwenziwe, na pia mahali uwezo huo unapokoma. Jambo hili latuhusu sana sisi wa Shinyanga na Geita, kwa maana miongoni mwetu wamo wanafunzi wengi ambao baba au kaka zao hushuka mashimoni kutafuta dhahabu.

Maana ya maneno

Kukanda ni kubonyeza na kuminya misuli, kama mtu akandavyo unga wa chapati. Kuchua ni kusugua kwa mafuta. Watu wa pwani wana neno la tatu, kusinga, yaani kumsugua mtu taratibu kwa liwa na manukato, kama afanyiwavyo bibi arusi. Tena katika nyumba nyingi za nchi yetu mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto. Basi kazi hii si ngeni kwetu. Linalotupasa ni kujua sababu zake.

Mwili hufanyaje?

Mtu akiogopa, moyo humwenda mbio, pumzi huwa fupi, na misuli ya shingo na mabega hukaza. Hali hii ina manufaa, maana humwezesha kumkimbia nyoka. Lakini hofu isipokwisha, mwili hukaa tayari usiku na mchana, na usingizi hupotea.

Ndani ya ngozi mna mishipa ya fahamu ya namna nyingi. Mingine hupeleka habari kwenye ubongo upesi sana, kama vile mtu anapokanyaga mwiba. Mingine, iliyo myembamba, hupeleka habari polepole, nayo imo hasa katika ngozi yenye malaika, kama ya mikono na mgongo. Mwaka 2009 wataalamu wa Sweden na wenzao walitangaza ya kuwa mishipa hii myembamba huamka zaidi mkono unapopita juu ya ngozi taratibu, kiasi cha sentimeta 1 hadi 10 kwa sekunde. Mwendo huo ndio watu waliopimwa walisema unawapendeza zaidi. Mama anayembembeleza mtoto humpapasa kwa mwendo huo bila kufundishwa na mtu.

Wataalamu wameona nini?

Mwaka 1986 huko Marekani, Tiffany Field na wenzake walitangaza habari za watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Watoto hao walipapaswa na kunyooshwa viungo dakika 15, mara 3 kwa siku, kwa siku 10. Waliongeza uzito asilimia 47 zaidi ya wenzao wasiopapaswa, tena walikuwa wachangamfu zaidi.

Mwaka 2004, Christopher Moyer na wenzake walikusanya matokeo ya uchunguzi 37 juu ya kukanda. Waliona ya kuwa mtu akikandwa mara moja, hofu ya saa ile hupungua, na mapigo ya moyo na shinikizo la damu hushuka. Akikandwa mara nyingi kwa siku kadhaa, hata wasiwasi wa kudumu na huzuni hupungua, karibu sawa na kupata mashauri ya mtaalamu wa akili. Hapa pana fundisho: kukanda mara moja hutuliza kwa muda, bali kukanda kwa kawaida ndiko kunakofaa zaidi.

Habari za kwetu

Kazi ya mashimo ina hofu yake. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Mtu asikiaye habari kama hizo, na kesho yake hana budi kushuka tena, hawezi kulala vizuri. Hata mkewe na watoto nyumbani hawalali. Wanaume wengi huona haya kusema, na baadhi yao hutafuta usingizi katika gongo, ambayo huongeza taabu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nimewaona akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu wakipokezana jioni, huyu akimkanda yule mabega, huku wakizungumza. Yule anayekandwa husema mambo ambayo asingeyasema akiulizwa uso kwa uso. Naona faida hiyo ni kubwa kama ile ya misuli.

Namna ya kufanya

1. Omba idhini kwanza. Usimguse mtu asiyetaka. Na mwanafunzi akiguswa kwa namna asiyoipenda, na mtu yeyote yule, ana haki ya kukataa na kumwambia mzazi au mwalimu.

2. Nawa mikono, kata kucha, tumia mafuta kidogo ya alizeti au samli.

3. Anza na mabega na mgongo. Pitisha mikono polepole, usibonyeze uti wa mgongo wala koo.

4. Dakika 10 au 15 zatosha. Akisema anaumia, acha.

5. Usikande mahali penye jeraha, mfupa uliovunjika, au mguu mmoja uliovimba, wala tumbo la mja mzito. Maji ya moto yapimwe kwanza kwa kiwiko, maana yamewaunguza wengi.

Mahali mkono unapokoma

Wachomaji wa dhahabu huvuta moshi wa zebaki. Sumu hiyo huingia katika ubongo na kuleta kutetemeka kwa mikono, kusahau, hasira na kukosa usingizi. Dalili hizi hufanana na za wasiwasi, lakini kukanda hakutoi zebaki mwilini. Mtu huyo aache kuvuta moshi huo, naye apelekwe hospitali.

Kadhalika mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayesema amechoka kuishi, asiachwe peke yake, wala asiambiwe kwamba amelogwa. Apelekwe kwa daktari siku ile ile. Hospitali ya Bugando, Mwanza, inayo idara ya magonjwa ya akili. Baada ya kuanza dawa, ndugu zake wanaweza kumkanda pia, ili ajue ya kuwa hajatupwa.

Mkono wa ndugu haununuliwi dukani. Tuutumie kwa adabu na kwa maarifa.

Maswali

1. Eleza tofauti ya kukanda, kuchua na kusinga.

2. Kwa nini mkono unaopita polepole hutuliza kuliko unaopita mbio?

3. Baba wa rafiki yako huchoma dhahabu kwa zebaki, naye mikono inamtetemeka na halali. Utamshauri rafiki yako afanye nini, na kwa sababu gani?