Sadaka ya Njiwa Wawili
Somo: Luka 2:1–7, 21–38, Walawi 12:6–8

Krismasi ni Jumatano hii, na kila mtu anauliza mwenzake: unaenda ushago ama unabaki? Kabla hujajibu, tujifunze kidogo juu ya shukrani ya familia baada ya mwaka uliotugeuza-geuza.

Mwaka wa 2024 tumeuona. Mvua ya Aprili ilinyesha mpaka shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Hapa Kibera maji yaliingia nyumba za bondeni, na ndugu zetu wa Mathare na Mukuru waliokaa karibu na mto wakabomolewa. Juni vijana walijaa barabarani, na ziko nyumba ambazo kiti kimoja kitakuwa wazi Krismasi hii. Oktoba NHIF ikaondoka, SHA ikaingia, na mwenye mshahara akaanza kukatwa asilimia 2.75. Katikati ya hayo wako waliooa, waliopata mtoto, waliozika na waliofutwa kazi.

Sasa tunaambiwa tushukuru. Tushukuru aje?

Tazama familia ya Yusufu. Mwaka wao pia ulibadilishwa na amri ya serikali. Kaisari Augusto alitaka watu waandikishwe, kila mtu mjini kwao. Yusufu, fundi seremala, akaondoka Nazareti na Mariamu akiwa mjamzito, safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi Bethlehemu. Kufika, hakuna nafasi. Mtoto akalazwa kwenye hori la mifugo.

Siku zilipotimia wakaenda Yerusalemu kutoa sadaka. Sheria ilitaka mwanakondoo, pamoja na njiwa au hua. Lakini asiyeweza kupata mwanakondoo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anataja hao ndege tu. Maana yake, wazazi wa Yesu walitoa sadaka ya mtu asiye na uwezo, mbele ya watu wote. Yusufu hakukopa mwanakondoo ili aonekane. Na siku hiyo hiyo, hekaluni humo, Simeoni alimpokea mtoto mikononi, na Ana akamshukuru Mungu. Baraka haikungoja mwanakondoo.

Hapa tunapata mambo matatu.

1. Shukrani husema ukweli. Mimi nilisomea biashara. Mwisho wa mwaka mwenye duka huhesabu kilicho kwenye rafu, hata kama hesabu inauma. Mama mboga hufanya hivyo kila jioni. Anajua sukuma iliyouzwa na iliyonyauka. Lakini familia nyingi tunavuka Desemba bila kuhesabu.

Baba mmoja amenipa ruhusa niseme haya bila jina. Alipoteza kazi Agosti. Kila asubuhi alivaa, akatoka, akarudi jioni kana kwamba ametoka kazini. Desemba alitaka kukopa kwa simu, apeleke familia nyumbani na zawadi za kila mtu. Nilimwuliza: ukiomba mezani na kushukuru kwa kazi, mkeo ataitikia amina kwa kitu gani? Akaenda akamwambia. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Baba watoto, nilijua tangu tuanze kununua unga ya kupima. Nilikuwa nangoja uniambie.” Mwaka huu wanabaki Nairobi. Wamepigia nyanya simu, wamemweleza. Kazi bado hajapata, lakini sasa wanaomba wawili kwa jambo moja.

2. Shukrani ina majina. Ni rahisi kusema “tunamshukuru Mungu kwa yote” na kupita. Mungu alitumia watu. Nani alilaza watoto wako nyumba ilipojaa maji? Chama gani kilikuchangia? Mwenye ploti gani alikungoja mwezi mzima? Mtaje kwenye maombi, halafu mwendee umwambie kwa mdomo.

3. Shukrani ina kipimo. Toa kulingana na mkono wako. Chapati na maharagwe zilizolipiwa ni afadhali kuliko mbuzi wa mkopo. Shule zinafunguliwa Januari, na tunajua kwa nini watu wa Nairobi wanauita Njaanuari. Kama unaweza kusafiri, nenda kwa amani, wazazi wanakungoja. Kama huwezi, usione aibu.

Na wewe mama uliyezika mwaka huu, hakuna anayekudai ucheke. Simeoni mwenyewe alimwambia Mariamu kwamba upanga utauchoma moyo wake. Aliambiwa siku ya sadaka, akiwa na mtoto wake. Unaweza kuleta njiwa wako huku unalia. Mungu anapokea.

Kazi ya nyumbani: Jioni ya Krismasi zimeni TV. Kila mmoja, hata mtoto mdogo, aseme mambo matatu: tulichopoteza, tulichopata, na mtu aliyetubeba. Baba au mama aanze. Asikatizwe mtu, asichekwe mtu. Kama wewe ni mama peke yako na watoto, au unaishi peke yako, alika jirani mfanye pamoja. Kisha ombeni.

Maombi: Baba, umeuona mwaka wetu wote. Tupe ujasiri wa kuambiana ukweli nyumbani, na upokee kidogo tulicho nacho. Katika jina la Yesu, amina.