Risiti Mbili Zinatosha

Bumu linakaribia kuisha, na ripoti ya mafunzo kwa vitendo ndiyo inatakiwa wiki hii. Unapita steshenari kuuliza bei ya kuprinti na kubaindi, unajibiwa, "Inategemea kurasa." Usibishane. Tafuta wenzako wawili waliokutangulia, waombe risiti.

Tuseme wa kwanza alikuwa na kurasa 40, akalipa 5,000. Wa pili kurasa 100, akalipa 9,500. Hapa wengi wetu tunakimbilia kugawanya: 5,000 kwa 40 ni 125 kila ukurasa. Haya, gawanya na ya pili: 95. Sasa bei ni ipi? Si hii wala ile, maana ndani yake kuna pesa ya kubaindi.

Angalia tofauti. Kurasa zimeongezeka 60, pesa imeongezeka 4,500. Gawanya: 75. Huo ndio mteremko, yaani m. Kila ukurasa unaongeza shilingi 75. Kwenye y = mx + c, ingiza risiti mojawapo:

5,000 = 75 × 40 + c

c ni 2,000, na mlinganyo ni y = 75x + 2,000. Ile 2,000 ni baindi, utailipa hata ripoti ikiwa na ukurasa mmoja. Hakikisha kwa risiti ya pili: 7,500 + 2,000 = 9,500. Wewe mwenye kurasa 68, andaa 7,100.

Kwenye mtihani shilingi hazipo, zipo alama hasi, na ndizo zinazotupeleka sapu. Chukua (−2, 5) na (4, −7). Juu: −7 − 5 = −12. Chini: 4 − (−2) = 6, si 2! Basi m = −2, c = 1. Ukianza na nukta ya pili juu, anza nayo na chini. Ukichanganya, alama inageuka, na steshenari yetu ingekuwa inapunguza bei kila ukiongeza ukurasa. x zikilingana, usigawanye kwa sifuri: mstari umesimama wima, andika tu x = namba hiyo.

Ila nukta mbili hazikatai mstari kamwe, hata pasipo na mstari. Tafuta risiti ya tatu. Mwenye kurasa 200 akikuonyesha 15,000 badala ya 17,000, pengine ripoti nene zina punguzo, na mlinganyo wako haufiki huko.